Naomba ushauri: Mariners, timu ya besiboli ya Seattle, wamenikamata, mechi 162 nazifuatiliaje?

Wakuu, salaam. Niko Seattle mwaka wa tatu sasa, napiga zamu za usiku. Mzee mmoja ninayepanda naye basi ndiye aliyeniambukiza besiboli. Mimi nimezoea mpira wetu: mechi moja wikendi, mnabishana wiki nzima. Hawa wanacheza karibu kila siku, mechi 162 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba! Nikilala kidogo nimepitwa na mbili.

Kilichoniteka zaidi ni historia. Pale ninaponunua rangi, duka la vifaa vya ujenzi barabara ya Rainier, ndipo ulipokuwa uwanja wa Sick's, uliofunguliwa 1938. Hapo walicheza timu ya Rainiers, kisha 1969 wakaja timu ya Pilots, msimu mmoja tu, wakafilisika na kuhamishiwa jiji la Milwaukee wakawa Brewers. Mariners walianza 1977. Mwaka 2001 wakashinda mechi 116, rekodi ya ligi yao, na bado fainali hawakufika. Mzee akifika hapo huvua kofia, huichungulia ndani, huivaa tena kimya.

Sasa wazoefu: nishike redio kazini, nitazame muhtasari asubuhi, au nichague mechi za Jumapili tu? Na mwanangu wa miaka 6, nianze naye uwanja mkubwa, au kwanza Tacoma kwa timu ya daraja la chini? Tiketi, maegesho na soseji za watu wanne si mchezo jamani.