Naomba ushauri: akiba yangu iende kwenye karo ya EMT au kwenye pikipiki?

MwanaAhero:
Habari zenu wadau. Mimi ni mwendeshaji wa boda hapa Ahero, miaka 25. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata C, Baiolojia C+. Pikipiki ninayoendesha si yangu, kila jioni nampelekea mwenyewe hesabu yake. Kupitia chama nimeweka akiba ya shilingi 90,000, na lengo lilikuwa kulipia pikipiki yangu malipo ya kwanza. Sasa moyo umehama. Nataka kusomea EMT, wale wanaomhudumia mtu palepale alipoangukia na ndani ya ambulensi kabla hajafika kwa daktari.

Steji yetu iko karibu na pale barabara ya Kisii inapoachana na ya Kericho. Ajali ikitokea, watu wa boda ndio wa kwanza kufika. Mtu anabebwa mikono na miguu, anapandishwa pikapu, tunaomba Mungu afike Russia, yaani ile hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu, akiwa hai. Wengine hufika. Wengine naamini huumizwa zaidi na kule kubebwa. Nimechoka kusimama pale bila kujua la kufanya.

Kuna chuo kimoja kinasema wiki tatu unapata cheti cha EMT kwa shilingi 35,000, kisha wanakutafutia kazi Uarabuni. Kingine ni miezi sita, na karo yake inakaribia kumaliza akiba yote. Mama hataki kusikia habari hiyo. Anasema pikipiki inaleta unga siku hiyohiyo. Mke wangu ana mimba ya miezi minne. Niambieni ukweli, msinihurumie.

TabibuWaBarabara (Nakuru):
Ndugu yangu, mimi niko kwenye ambulensi upande huu wa Nakuru, na nafurahi ukiuliza kabla hujalipa.

Cha wiki tatu achana nacho. Kwa muda huo utafundishwa huduma ya kwanza, tena huenda vizuri, lakini hiyo haikufanyi EMT. Ngazi ya chini kabisa, tunayoiita Basic, inataka ujue kufungua njia ya hewa, kutumia oksijeni, kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika, kuzalisha mama njiani, kupima presha na mapigo na kuelewa namba hizo zinakwambia nini, kisha uyafanye yote kwa wagonjwa halisi huku mkufunzi amesimama kando yako. Juu yake kuna Advanced, halafu paramediki, na huko ndiko kwenye dawa nyingi na mipira ya kuingizwa kooni. Anayekuahidi mambo hayo kwenye Basic anakudanganya.

Ukifika chuoni, karo iwe swali la mwisho. Uliza kwanza kama wamesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, na kozi yenyewe imeidhinishwa. Uliza mazoezi mnafanyia hospitali gani, na kwenye ambulensi ya nani. Wakisema "tutawatafutia", hawana. Omba kuona chumba cha mazoezi: darasa zima likigombania mdoli mmoja wa kubonyeza kifua, ondoka. Uliza pia kama mwalimu amewahi kufanya kazi barabarani. Kisha nenda pale ambulensi zinapoegeshwa hospitalini, uwaulize wahudumu wamesomea wapi. Hao hawana cha kukuuzia. Na kabla hujalipa chuo chochote cha binafsi, angalia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, wanapotangaza nafasi.

Jambo lingine ambalo vijana hawaambiwi: usiku wa ajali kubwa za barabarani kule Salgaa na Sachang'wan upo, na ni mzito, lakini siku nyingi kazi yetu ni kuhamisha wagonjwa. Mama aliyekwama kujifungua anatolewa kituo cha afya kwenda Level 5, hospitali kubwa ya rufaa. Mtoto wa nimonia hawezi kutoka kwenye oksijeni. Mzee amepooza upande mmoja. Unakaa nyuma ya gari saa nzima ukimtazama mtu mmoja, ukipima na kuandika. Kama unapenda mgonjwa mwenyewe, utaipenda kazi. Kama unapenda king'ora, utachoka mapema.

Nesi_wa_Zamu:
MwanaAhero, mimi ni nesi wa kitengo cha dharura hapa Kisumu. Nikueleze tunayoyaona upande wetu wa mlango.

Majeruhi wengi hufika kwa pikapu ya polisi, matatu au boda. Aliyemleta anasema "amegongwa" na kuondoka. Hatujui alizimia kwa muda gani, kama alitapika, kama ana kisukari. Akija mhudumu aliyefunzwa, ananiambia kwa nusu dakika: mwanamume wa miaka kama 30, amerushwa kutoka kwenye pikipiki saa mbili kasorobo, hakuwa na helmeti, pale barabarani alikuwa anajibu maswali, sasa anaitikia maumivu tu, presha imeshuka kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, ana jeraha la paja nimelibana. Kwa maneno hayo machache daktari wa upasuaji anaitwa kabla mgonjwa hajatoka kwenye machela. Hicho ndicho unachotaka kwenda kukisomea, na tunakihitaji sana.

Ila usingoje darasa ndipo uanze kusaidia. Damu inayoruka kutoka mguuni au mkononi: kunja kitambaa, weka juu ya jeraha, nyoosha mikono ubonyeze kwa uzito wako wote, wala usifunue kila mara kuchungulia. Ikikataa, funga mkanda mpana upande wa juu wa jeraha, kati ya jeraha na kiwiliwili, umbali wa sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, usiweke kwenye kiungo, kaza mpaka damu ikatike, andika saa uliyofunga. Usiulegeze, sisi ndio tutakaoulegeza. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu, kichwa na shingo vikifuata mwili, ili matapishi yasimzibe. Asiyepumua, bonyeza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Helmeti usiivute kama anapumua vizuri. Na kama hakuna moto wala hatari nyingine, usiharakishe kumwinua mtu. Mmoja ashike kichwa kisicheze, wengine wainue mwili wote kwa pamoja kwa amri ya yule wa kichwani. Glavu zikae nawe kila siku.

Uwafundishe wenzako wa steji pia: hakuna hospitali inayoruhusiwa kumrudisha mtu wa dharura kwa sababu hana pesa. Katiba kifungu cha 43 kimesema hivyo, na Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali yenye uwezo itakayokataa. Sheria hiyohiyo inahesabu huduma ya kabla ya hospitali kuwa sehemu ya matibabu ya dharura.

Mkweli_Bungoma:
Mimi sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nina cheti cha EMT na nilikaa muda mrefu bila ajira. Kaunti huajiri kupitia bodi zao za utumishi wa umma, mara nyingi kwa mkataba, na nafasi chache hugombewa na watu wengi mno. Nje ya kaunti kuna Msalaba Mwekundu, St John, hospitali za binafsi, viwanda, na vibarua vya siku moja kwenye michezo na mikutano.

Hiyo ya Uarabuni ndiyo inayonitia hofu. Saudia lazima upitie tume yao ya wataalamu wa afya, Dubai kuna mamlaka yao ya afya, kuna mitihani na wanataka uzoefu. Mtu wa wiki tatu hapiti. Wakikupeleka kweli, utajikuta umepewa kazi nyingine kabisa.

Ushauri wangu: nunua pikipiki kwanza. Una mtoto njiani.

MamaWawili_Kakamega:
Mkweli amesema kweli kuhusu ajira, lakini kuhusu pikipiki sikubaliani naye. Akishaanza kulipia mkopo wa pikipiki kila wiki, masomo ndiyo yamekwisha. Nimewaona kaka zangu.

Mimi nilisoma nikiwa na mtoto ananyonya. Inawezekana nyumbani wakikuelewa. Kaka, usihesabu karo pekee. Kuna sare, viatu vizito, nauli ya kwenda kwenye mazoezi, ada za mitihani, na chakula cha nyumbani katika siku ambazo huendeshi. Mafunzo ya hospitalini yana zamu za usiku, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaendesha boda kama kawaida.

Anza pia chanjo ya homa ya ini aina ya B sasa hivi. Ni dozi tatu kwa miezi sita, na hutaki kuikimbilia ukiwa tayari unashika damu za watu. Ukichomwa sindano iliyotumika, dawa za kuzuia HIV zianze haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72, na unazimeza siku 28. Yapo pia ya moyoni. Mtoto akifia mikononi mwako utarudi nyumbani na kimya ambacho mkeo hatakielewa. Tafuta mapema mwenzako wa kazini wa kuzungumza naye. Mimi bila wenzangu ningeacha.

Halafu kuna siku mama anajifungua salama mkiwa bado njiani, unamfunika mtoto kifuani pa mamake na kumsikia akilia. Mimi kwa kazi hii simwonei wivu mtu yeyote.

Mzee_wa_Nyando:
Mwanangu, mama yako hana ugomvi na masomo. Anaogopa njaa. Usiende kwake na maneno ya moyo umehama, nenda na hesabu kwenye karatasi: karo kiasi gani, chakula cha miezi sita kitatoka wapi, mkeo akijifungua nani atakuwa naye. Mkeo akae kwenye mazungumzo hayo tangu mwanzo. Na ukiona hesabu haikai, subiri. Kusubiri muhula mmoja si kushindwa.

MwanaAhero:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mzee, shikamoo, jana jioni nimeketi nao wote wawili na karatasi. Mama bado hajafurahi ila amesikiliza. Cha wiki tatu nimekifuta. Tumekubaliana akiba isiguswe mpaka mtoto azaliwe, nami niendelee na boda. Kwa sasa nifanye kozi ya huduma ya kwanza na kujiunga na wanaojitolea Msalaba Mwekundu tawi la Kisumu, ili nijue kama naweza kweli kuhimili. Kisha niingie kozi kamili muhula unaofuata.

Swali la mwisho kwa TabibuWaBarabara: leseni yangu ni ya pikipiki tu. Nijifunze gari?

TabibuWaBarabara (Nakuru):
Jifunze, tena uanze katika miezi hii ya kusubiri. Matangazo mengi yanataka mtu mmoja anayeweza kuhudumia na kuendesha, na kama wewe na mwenzako wote mnaendesha, mnaweza kupokezana safari ndefu. Unayajua tayari mashimo na njia za mkato za Nyando, hilo nalo lina thamani kwa mwajiri wa huko kwenu. Omba pia cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya polisi ya upelelezi, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, maana waajiri wengi hukiulizia.

Ukienda kwa Msalaba Mwekundu, beba kitambulisho na nakala ya cheti cha KCSE, na uwaambie wazi kwamba unalenga EMT. Ukishapata majina ya vyuo viwili au vitatu, rudi hapa uyaandike, tuliosoma huko tukueleze.