Chupa 20 kwa kila mwanafunzi: shule zetu za msingi zirejeleze plastiki namna hii?

Mzazi, Mbagala
Wadau, naomba tulijadili hili. Alhamisi mwanangu wa darasa la nne alirudi na agizo la shule: kesho kila mmoja aje na chupa 20 tupu za maji. Nyumbani kwetu maji tunachemsha, ya chupa hatununui. Saa kumi na mbili jioni nikamkuta yeye na wenzake watatu ndani ya mtaro wa barabarani, kiroba kimefika nusu. Nikakimwaga pale pale. Chupa mbili zilikuwa na mkojo, zile zinazorushwa kutoka kwenye magari. Moja ilikuwa na mabaki ya dawa ya wadudu. Mtoto alikuwa anazishika kwa mikono mitupu.

Usafi siupingi, na kurejeleza taka sikupingi. Ninachopinga ni mtoto kupangiwa idadi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulileta elimu bila malipo, na tangu Januari 2016 tunaambiwa mchango wa lazima haupo. Chupa 20 ambazo huna ni mchango, tena anayehangaika kuutafuta ni mtoto mwenyewe. Mnasemaje?

Mwalimu wa mazingira
Ndugu mzazi, pole sana. Mtaroni mtoto hapaswi kuingia, hapo huna wa kukupinga. Lakini nisikilize na mimi, nafundisha shule nyingine yenye utaratibu kama huo. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), mwaka 2002, ni Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hukatwa kwa ajili ya vitabu. Humo humo itoke chaki, karatasi za mitihani na kitasa cha mlango. Darasa linatakiwa liwe na watoto 45, mimi nina zaidi ya mara mbili ya hao. Muhula uliopita chupa zilitupatia ndoo nne za kunawia zenye koki. Na mtoto wa darasa la pili siku hizi anageuza chupa, anakuonyesha pembetatu yenye namba 1 pale kwenye kitako, anakwambia "hii inauzika." Msilione hilo dogo.

Mnunuzi wa chupa, Vingunguti
Mwalimu, kwa heshima zote, niseme ya kwenye mzani. Chupa za nusu lita zinataka 50 na kuendelea ndipo upate kilo moja. Huyo mtoto wa chupa 20 hajafika hata nusu kilo. Nyeupe ndiyo yenye bei, ya rangi inashuka. Kifuniko ni plastiki ya aina nyingine, lazima kitengwe. Na ikiingia chupa iliyokuwa na mafuta au dawa, mzigo mzima unakataliwa. Mizigo ya shule ndiyo inayonitesa zaidi kuchambua, maana mtoto kaambiwa idadi, hakuambiwa aangalie ndani.

Kuna jingine hamlitaji. Siku shule ikitangaza chupa, kufika saa moja asubuhi mtaa umekauka. Wapo kina mama wanaoniuzia kila siku, wengine wana wajukuu humo humo shuleni kwenu. Siku hiyo wanarudi na viroba vitupu.

Mwalimu mstaafu, Tanga
Wanangu, sisi tulikwenda shule na ufagio wa chelewa, jembe na kidumu cha maji, kwa hiyo kazi shuleni siiogopi. Lakini Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakusema watoto wawe vibarua wa shule. Alitaka nao washiriki kupanga, na wawe na kauli juu ya kilichopatikana. Nilipokuwa nafundisha, tukivuna mahindi tuliandika ubaoni: magunia mangapi, yameuzwa shilingi ngapi, zimebaki ngapi. Wanafunzi wenyewe walinyoosha mikono kuchagua, mipira au majembe mapya. Namuuliza mwalimu: hesabu ya chupa zenu imebandikwa wapi?

Mwalimu wa mazingira
Shikamoo mzee. Haijabandikwa. Iko kwenye daftari ofisini. Umenigusa, na nitaipeleka kwa mwalimu mkuu.

Mzazi, Mbagala
Shikamoo mzee, asante. Leo asubuhi nilikwenda shuleni kwa mwanangu, nikazunguka uwanja mzima nikiangalia taka. Chupa nilikuta tatu. Vipaketi vya nailoni vya barafu na ubuyu nilishindwa kuvihesabu, vimejaa chini ya miembe na vimeziba mfereji wa maji ya mvua. Nyuma ya vyoo kuna shimo la kuchomea, na moshi wake unaingia moja kwa moja darasa la kwanza. Mnunuzi, hivyo vipaketi unavinunua?

Mnunuzi wa chupa, Vingunguti
Hapana kaka. Vyepesi mno, vichafu, kilo moja utaiokota wiki nzima. Sijui mtu anayevitaka.

Mzazi, Mbagala
Basi hoja yangu ni hiyo. Tunawatuma watoto walete taka za barabarani, na taka ya shule yenyewe tunaichoma puani mwao. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, sheria ilimbana mtengenezaji na muuzaji. Hakuna mtoto aliyetumwa kuiokota. Hata hapa tuanzie getini. Wale kina mama wa barafu tusiwafukuze, tukae nao: ubuyu uuzwe kwenye karatasi, juisi kwenye vikombe vya kuosha, na ndoo za kuoshea tuchangie sisi wazazi kwa hiari. Majani ya miembe na maganda ya mihogo yaende kwenye shimo la mboji, migomba ipo. Chupa zitakazopatikana ndani ya uzio ziuzwe, hesabu ibandikwe. Idadi ya kuleta kutoka nyumbani ifutwe.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo. Nitakwenda na kiroba kimoja cha vipaketi, nikiweke mezani mbele ya kamati kabla sijaongea.

Mwalimu wa mazingira
Chukua na jivu la lile shimo, kwenye kopo. Mimi nitafanya hivyo hivyo kwetu.