Mrejesho: wale fom wani waliokuwa hawafungui mdomo

Wakuu, si niliwauliza kuhusu fom wani wangu, wametoka msingi za Kiswahili, huku sekondari karibu kila somo ni kwa Kiingereza, ukiwauliza wanainama tu, mkasema niwape maigizo ya kuongea Kiingereza. Aisee imekubali! Ila siyo ya kukariri, hiyo wanaisoma kama risala. Nawapa kadi, muuzaji ana bei zake, mteja ana hela yake, hakuna anayejua ya mwenzake so lazima waulizane. Ya konda na abiria ndo ilituvunja mbavu, binti mpole kuliko wote kadai chenji yake kwa Kiingereza mpaka konda kaomba poo. Grama bado mbovu lakini simkatishi mtu, naandika pembeni tunarekebisha mwishoni. Shida imebaki kelele, ticha wa darasa la jirani kashaninunia.