Mrejesho: Sindano ya ozoni kwa maumivu ya diski

Ndugu zangu, nawashukuru mlionijibu miezi minne iliyopita nilipouliza iwapo nikubali kudungwa gesi ya ozoni katika diski (kile kito laini kinachotenganisha pingili za uti wa mgongo) iliyochomoza kati ya pingili za L4 na L5, yaani ya nne na ya tano za kiunoni. Sikudungwa. Niliporudi kwenye kliniki ile na maswali yenu, mhudumu alishindwa kunieleza sindano ingeongozwa kwa mashine gani ya picha, na fomu ya ridhaa, nusu ukurasa tu, haikutaja hatari hata moja (bei, hata hivyo, iliandikwa kwa wino mzito). Daktari bingwa wa mifupa niliyemwona baadaye alinifafanulia kwamba diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, hivyo bakteria wakiingia humo kwa sindano, dawa za antibiotiki huwafikia kwa shida, na matibabu huchukua wiki nyingi. Sasa nafanya mazoezi ya fiziotherapia. Ganzi ya mguu wa kushoto imebaki kwenye kidole gumba tu, ingawa kuinama kufunga kamba za viatu bado ni kazi. Nimeagizwa kwamba nikishindwa kuzuia mkojo, au nikipata ganzi sehemu za siri, niende hospitali siku hiyo hiyo.