Askari wangu ana shoto, mteja kanirudishia kazi. Nisaidieni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi nachora katuni za kompyuta hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nina video ya dakika mbili ya mwanajeshi wa Uingereza na SA80 yake, ile bunduki ambayo magazini iko nyuma ya triga. Nikamfanya ana shoto ili uso uonekane vizuri. Mteja kajibu neno moja: "Haiwezekani." Tena anasema bunduki yangu inarudi nyuma kama droo ya kabati. Nirekebishe wapi? Anaitaka Ijumaa, na nusu ya hela nishaila.

Askari_Mstaafu: Mwanangu, mteja ana haki. Tundu la kutolea maganda ya risasi kwenye SA80 liko kulia, tena nyuma kabisa karibu na kitako. Ukiipachika bega la kushoto, ganda la moto linakutua usoni. Na mpini wa kukokea nao uko kulia, unaenda na kurudi kila risasi, utakuachia pengo. Kule mwenye shoto hufunzwa kupiga kulia, basi. Mimi nilibeba bunduki ya G3. Ganda lake hurushwa mbali, muulize aliyelala upande wako wa kulia! Ukiliokota lina mistari myeusi ubavuni, kwa sababu chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulia, ina mifereji ya kupitisha gesi ili ganda lisigande.

Fundi_Changamwe: Kama mteja hang'ang'anii Uingereza, mpe Steyr AUG ya Austria. Unabadilisha boliti, kile chuma kinachokwenda na kurudi ndani kufunga risasi, unahamisha kifuniko cha tundu, maganda yanatoka kushoto. Au FN F2000 ya Ubelgiji: maganda hupita kwenye bomba yakaangukia mbele. Lakini usiliangushe ganda mara tu risasi ya kwanza ikilia, hukusanyika machache ndani kwanza.

Mla_Mabuyu: Nimeingia nikidhani ni maganda ya mabuyu. Endeleeni, nasoma.

Bint_Likoni: Kaka, nafundisha fizikia, hebu tuitazame hiyo droo. Risasi ya gramu 4 ikitoka kwa mita 900 kwa sekunde, bunduki ya kilo 5 inarudi kwa kama mita 0.7 kwa sekunde, na gesi ya baruti inauongeza mwendo huo. Ni mwendo wa mtu anayetembea polepole, na bega linauzuia hapo hapo. Kwa hivyo bunduki haitelezi peke yake: bega linasukumwa, kiwiliwili kinafuata. Mdomo wa mtutu hupanda pale kitako kinapokuwa chini ya mstari wa mtutu. Kwenye SA80 vimenyooka, basi upandishe kidogo tu. Bunduki ya AKM ina kitako kilichoshuka, ndiyo maana mdomo wake umekatwa mshazari, gesi iusukume chini.

Na hesabu picha zako! Risasi 600 kwa dakika ni 10 kwa sekunde. Video ya picha 30 kwa sekunde inakupa picha 3 kwa kila risasi. Ukionyesha ganda likizunguka taratibu hewani, hapo umedanganya.

Mwenye uzi: Shukran sana. Kumbe ganda langu lilikuwa linazunguka taratibu mno! Hilo nalitengeneza leo. Swali la mwisho: nikiigeuza video nzima kama kwenye kioo, askari si atakuwa wa kulia?

Askari_Mstaafu: Atakuwa wa kulia, na tundu na mpini vitahamia kushoto. Chora upya, mwanangu.