Naomba ushauri: Kiingereza cha Game of Thrones kitanisaidia kazini?

Habari zenu wakuu. Najifunza Kiingereza kwa kutazama tamthilia ya Game of Thrones, sasa niko msimu wa tatu. Wahusika wa King's Landing, mji mkuu wa kwenye hadithi, nawaelewa kiasi, hasa Tyrion, maana kila neno lake linasikika. Shida ni wahusika wa kaskazini, akina Jon Snow: wanaongea kwa lafudhi ya kaskazini mwa Uingereza, wanameza maneno, napotea kabisa. Nimeweka maandishi ya Kiingereza chini ya picha, lakini naishia kusoma tu, sisikilizi. Halafu msamiati wenyewe ni wafalme, mapanga na majoka, nami natafuta kazi ya mapokezi hotelini!

Je, maandishi niyaache au niyazime? Na nichanganye na tamthilia gani yenye maongezi ya kawaida?