Mizinga ya Königsberg irudi Tanzania au ibaki ilipo? Tujadili kwa hoja

Wakuu habari. Kuna jamaa hapa Iringa anasema ile mizinga ya meli ya Königsberg ni chuma chakavu cha Mjerumani, haituhusu, ikae hukohuko iliko. Mimi napinga kabisa.

Kwa wasioijua stori, Königsberg ilikuwa manowari ya Wajerumani, tarehe 20 Septemba 1914 iliipiga Pegasus ya Waingereza palepale Zanzibar Pegasus ikazama, halafu Königsberg ikaenda kujificha delta ya Rufiji mpaka 11 Julai 1915 ilipozidiwa na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Ila mizinga yake yote kumi, ile ya milimita 105, iliopolewa, ikakokotwa nchi kavu hadi Dar, karakana ya reli ikaifungia magurudumu, mingine ikawekwa kulinda pwani Dar na Tanga na mingine ikafika mpaka Mwanza na Kigoma. Leo mmoja upo Fort Jesus Mombasa, mwingine Jinja Uganda, mwingine Pretoria Afrika Kusini.

Sasa jiulizeni, mzinga wa meli haukuundwa kutembea porini, lori hakuna, wanyama wa kukokota wanauawa na mbung'o, nani aliuvuta? Ni watu, mamia kwa mzinga mmoja, kamba begani, tope la Rufiji, na majina yao hayajaandikwa popote. Sanamu ya Askari pale Dar ya mwaka 1927 inasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, basi, imeishia hapo. Kwangu mimi ule mzinga ni ushahidi wa jasho lao, ndiyo maana nautaka nyumbani.

Mchangiaji, Njombe:
Mkuu nakuelewa ila hapana. Huku Ubena Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipita Oktoba 1918 akielekea Fife, ng'ambo ya Tunduma, jeshi linakula chakula cha wenyeji, vijana wanabebeshwa mizigo, na mwaka huohuo ile homa kubwa ya mafua ikaingia. Leo tena tutoe hela kuleta silaha yao? Kuna mafuvu ya wazee wetu bado yako Ujerumani. La Mkwawa lenyewe limerudi 1954, miaka 56 tangu afariki! Hayo kwanza.

Mtoa mada:
Mafuvu kwanza, hapo sikupingi hata kidogo. Lakini kudai kimoja hakuzuii kudai kingine. Na kama gharama ndiyo tatizo, basi serikali yetu iwaombe Mombasa, Jinja na Pretoria kitu kimoja tu, kwenye kibao cha kila mzinga iandikwe kwamba uliopolewa Rufiji na ukakokotwa na watu wa Tanganyika, tena wengi kwa kulazimishwa. Hilo ni rangi na ubao tu, sioni nani atakataa. Mtu anayesimama pale leo anasoma habari za meli na makapteni halafu anaondoka, hajui kama kulikuwa na mpagazi.

Wa Mbeya na Songea bado sijawasikia, mnasemaje?